Sentensi ya Kulwa

Vijana wangu, mnapokuja kunitembelea hapa Viwanja Sitini, Ifakara, swali lenu la kwanza huwa lile lile: "Mama Beni, ni kweli kazi yako ilikuwa kuandika magemu ya simu?" Ni kweli. Niliifanya mpaka nikastaafu, na kabla ya hapo niliandika michezo ya redio. Swali la pili huwa mnalitoa kwa sauti ya chini, mkiangaliana: "Na ile ishu ya wafugaji, ilikuwaje?"

Hilo la pili ndilo nitakalolijibu kwa urefu, maana wengi mnaijua nusu, na nusu mnayoijua ni ile mbaya. Lakini kwanza niwaeleze kazi yenyewe, la sivyo hamtaelewa jinsi sentensi moja inavyoweza kuwakosesha watu usingizi.

Mwandishi wa gemu haandiki hadithi moja ndefu kama ya kitabuni. Anaandika vipande. Mchezaji akimgusa muuza samaki, muuza samaki anasema nini? Akimgusa tena? Na akimgusa kwa mara ya ishirini kwa sababu simu imeshikwa na mtoto? Huwezi kumfanya arudie "Karibu mteja" mpaka kiyama, watu watalifuta gemu. Halafu kioo cha simu ni kidogo na maneno yetu ni marefu. Neno kama "tutakapowasindikiza" linaweza kula mstari mzima peke yake. Kwa hiyo unakata, unasoma kwa sauti, unakata tena. Kusoma kwa sauti nilifundishwa na marehemu Mzee Lazaro, mtayarishaji wa michezo ya redio. Aliniambia, "Skola, mdomo wako ukikwama, wa mwigizaji utakwama zaidi." Nimelitumia hilo maisha yangu yote ya kazi.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, iko Dar. Mimi nilibaki Ifakara, natuma kazi kwa mtandao, umeme ukikatika nahamia kwa jirani mwenye sola. Programa wetu aliitwa Hamisi, kijana mcheshi asiyependa kufundishwa sarufi. Ili kurahisisha kazi alitengeneza sentensi moja ya kutumika kila mahali: "Umepata fulani mpya." Tulipolijaribu gemu likatuambia, "Umepata jembe mpya. Umepata kisu mpya. Umepata viatu mpya."

"Mama, si ndivyo watu wanavyoongea mtaani?" akaniuliza.

"Mtaani sawa. Lakini ikishaandikwa, kila mtu anageuka mwalimu."

Mwisho tukaandika "Umepata: jembe." Kila nikiona nukta mbili za namna hiyo kwenye gemu la Kiswahili najua kuna mwenzangu alifika hapo akachoka.

Kosa jingine lilikuwa la shikamoo. Tulipanga kila mhusika amwamkie mchezaji kwa heshima, tukasahau kwamba mchezaji anaweza kuchagua kuwa binti wa shule. Basi bibi kizee mwenye mkongojo akamwinamia mtoto: "Shikamoo!" Jirani yangu alinirudishia simu kama aliyeshika kaa la moto, akasema gemu hili lina laana. Tulirekebisha upesi.

Sasa twende kwa Kulwa.

Kulwa alikuja kwangu kama mwandishi wa kujifunza. Alikuwa amesomea uandishi wa habari, ajira hakuna, akawa anaandika vichekesho mtandaoni. Kwao ni nje kidogo ya Mlimba. Baba yake, Mzee Masanja, alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani kabla Kulwa na pacha wake hawajazaliwa, kwa hiyo Kulwa ni Msukuma aliyezaliwa huku bondeni, anaongea Kindamba kuliko mimi Mpogoro. Alikuwa mwandishi wa polepole. Wenzake wakileta kurasa, yeye analeta mistari michache, na humo humo ndimo mnamotoka kitu.

Gemu letu lilihusu mafuriko ya bonde. Kwenye sehemu niliyompa Kulwa, mchezaji ni mkulima wa mpunga. Maji yanapanda. Anatokea mfugaji na ng'ombe wake pembeni mwa shamba, anaomba apite kwenda juu, mahali pakavu. Mchezaji anachagua moja ya majibu matatu: ampitishe, amwambie asubiri, au amfukuze. Jibu la kufukuza Kulwa aliliandika hivi: "Rudi nao huko huko majini. Bonde hili lina wenyewe."

Ukilichagua hilo, mbele kidogo maji yanaingia nyumbani kwako, na mkokoteni wa yule mfugaji, ambao ungekuokoa wewe na wanao, umeshaondoka zamani.

Nilipoisoma nilishtuka, nikampigia simu. "Kulwa, hii umeitoa wapi?"

"Niliisikia, Mama."

Sikumwuliza aliisikia wapi. Watu wa huku tunayajua maneno ya namna hiyo. Nikaipitisha, maana ilikuwa kweli, na ilikaa vizuri mdomoni.

Gemu lilitoka, watu wakalipenda kiasi chake. Kisha siku moja mtu akapiga picha ya kioo cha simu pale pale kwenye lile jibu, bila kilichotangulia wala kilichofuata, akaiweka mtandaoni na kuandika juu yake: "Gemu la Kitanzania linafundisha watoto kufukuza wafugaji." Ilisambaa kuliko gemu lenyewe. Waliotutukana wengi hawakuwahi kulicheza. Tulilizoea hilo mapema. Lililomuumiza Kulwa ni kundi la pili, wale waliokuja kutusifu. "Safi sana, hatimaye mmesema ukweli." Aliniambia angeweza kumeza matusi kutwa nzima, lakini zile pongezi zilimkaa kooni.

Bosi wetu, dada mmoja mchapakazi tuliyemwita Jaki, akaitisha kikao cha mtandaoni. Hakuzunguka.

"Wawekezaji wameniandikia. Wanataka jina la aliyeandika, na wanataka kujua amechukuliwa hatua gani."

Kamera ya Kulwa ilikuwa imezimwa. Kuku wa kwangu ndio waliosikika. Nikasema, "Andika jina langu. Mimi ndiye mkuu wa waandishi, hakuna sentensi inayotoka bila kupita kwangu."

Msidhani ulikuwa ushujaa. Kwenye redio ndivyo ilivyokuwa, kosa likitokea anajibu mkubwa, mdogo anaendelea na kazi. Nikajua nimeyamaliza.

Kumbe nimeyaanza. Mpaka hapo lilikuwa kosa la kampuni. Jina langu lilipotoka, watu wakachimba: mwanamke, Mpogoro, wa Ifakara, ana shamba la mpunga. Sasa haikuwa tena sentensi ndani ya gemu. Ilikuwa mkulima anayemfukuza mfugaji, na ana jina na picha. Mwanangu Beni alinipigia kutoka Morogoro akaniambia nizime simu. Kwenye jumuiya yetu ya kanisani mama mmoja Msukuma, tuliyekaa naye benchi moja miaka mingi, akahamia mbele. Nilijaribu kumwelezea mambo ya majibu matatu na mkokoteni, nikaona macho yake yananiambia ninyamaze, nikanyamaza.

Kulwa alinipigia jioni ile ile jina lilipotoka. Sijawahi kumsikia na sauti ile.

"Mama, kwa nini umefanya hivyo?"

"Nimekukinga, mwanangu."

"Hujanikinga. Yale maneno yakitoka kwangu ni ushahidi. Yakitoka kwako ni matusi."

Nilikuwa nimeandika maneno ya watu wengine miaka yote ile, na sikuwa nimeliona hilo.

"Basi sema ni yako," nikamwambia.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Baba hajui kama naandika. Anajua natengeneza kompyuta. Na ile picha ameshaonyeshwa mnadani, kwenye ng'ombe, mbele ya wazee wenzake. Amesema huyo mwanamke wa Ifakara akikutana naye atamuuliza swali."

"Swali gani?"

"Hakusema."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Basi twende aniulize."

Tulipanda treni. Ilichelewa kama kawaida yake, tukafika Mlimba jua limeshakuwa kali, tukachukua bodaboda mbili mpaka kwao. Njiani nilimwona Kulwa kwa nyuma ameshika begi lake kwa mikono miwili kama mwanafunzi anayerudishwa nyumbani na mwalimu.

Mzee Masanja alikuwa amekaa nje ya nyumba anasuka kamba. Mrefu, mkavu, kofia ya kitambaa. Kulwa akamsalimia kwa Kisukuma. Mimi nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mama."

"Asante. Mimi naitwa Skolastika. Natoka Ifakara."

Kamba ikasimama mikononi. Akaniangalia. "Wewe ndiye uliyeandika?"

Nilifungua mdomo, lakini Kulwa akanitangulia.

"Hapana, baba. Niliandika mimi. Kompyuta sitengenezi. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuandika."

Mzee hakupandisha sauti. Alimwita binti yake alete viti, kisha akasema tule kwanza. Tukaletewa ugali na maziwa ya mgando, tukala, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi. Nimekaa kwenye vikao vingi vigumu, lakini ule mlo ulikuwa mgumu kuliko vyote. Tulipokwisha kunawa akamnyooshea Kulwa mkono.

"Nionyeshe."

Kulwa akawasha gemu. Maandishi yalikuwa madogo kwa macho ya mzee, kwa hiyo akawa anamsomea. Maji yakapanda. Mfugaji akatokea na ng'ombe. Mzee akasogeza simu karibu na uso.

"Hawa ni ng'ombe?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona wanatembea kama mbuzi waliovaa viatu?"

Mimi nikacheka, Kulwa hakuweza. Akamsomea majibu matatu, na la tatu alilisoma kwa sauti ndogo. "Chagua, baba."

"Mfukuze."

"Baba?"

"Mfukuze. Nataka kuona anayesema hivyo yanamkuta yapi."

Kulwa akagusa. Mfugaji akageuka na ng'ombe wake, akaondoka. Maji yakaingia nyumbani kwa mkulima, mkokoteni hakuna, watoto wako juu ya paa. Mzee aliangalia mpaka mwisho. Kisha akairudisha simu, akaichukua tena kamba yake lakini hakuisuka.

"Haya maneno nayajua," akasema. "Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwepo."

"Ulikuwa nyuma na mama yako."

"Nilikuwa nimekuja mbele, baba. Nilikuwa nyuma ya yule ndama mweupe. Nilisikia yote."

Mzee akainamisha kichwa. Nilitaka kuondoka niwaachie nafasi yao, lakini nikaogopa kwamba kiti kitalia. Baadaye akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Miaka yote hii nilidhani hukusikia."

"Nilisikia."

"Sasa nikuulize. Yule bwana aliyetufukuza hakupata mafuriko. Mwaka ule alivuna vizuri tu. Nyumba akaezeka kwa bati. Mbona wewe umemzamisha?"

"Ni gemu, baba. Watu wanapenda mtu mbaya alipwe."

"Na wewe ulipenda?"

Kulwa akafuta kioo cha simu kwa shati lake, ingawa hakikuwa na vumbi. "Ndiyo," akasema. "Nilipenda."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Sikuona hasira. Akanigeukia mimi. "Mama, kijana aseme mwenyewe kwamba maneno ni yake. Watakaomtukana waje kuniuliza mimi."

Nikamkumbusha kwamba alisema ana swali la kuniuliza. Akasema alitaka kujua nani aliniambia maneno yale, na limeshajibiwa.

Kulwa aliandika mtandaoni pale pale Mlimba, kwa simu, akisubiri treni. Hakueleza sana. Alisema maneno yale aliambiwa baba yake, yeye akiwa mtoto, na kwamba ameyaandika ili aliyeyasema na aliyeambiwa wayasikie wote wawili. Akaweka jina lake kamili. Kama mnataka nidanganye, nitasema nchi nzima iliomba radhi. Haikuwa hivyo. Wachache walifuta matusi yao, wachache wakaanza kumtukana yeye, na wengi walikuwa wameshahamia kwenye jambo jingine. Maelezo huwa hayasafiri kama picha. Jueni hivyo mapema, mkiingia kwenye kazi hii. Yule mama wa jumuiya alirudi kwenye benchi letu Jumapili moja, akaniuliza kama mpunga wangu umeota. Nikamwambia umeota. Tukaishia hapo, na tuko vizuri.

Lakini kampuni haikupona. Jaki alituambia wawekezaji wamechoshwa na kelele, ila mimi niliona kelele zile ziliwapa tu sababu. Wakati ule ule kampuni kubwa za nje zilikuwa zinafunga ofisi na kupunguza watu kwa makundi, na wanaoanza kupunguzwa kila mahali ni waandishi. Neno "kustaafu" nalitumia kwa heshima yangu. Ukweli ni kwamba niliitwa kwenye kikao kifupi, Jaki akalia, mimi nikambembeleza, na kesho yake nenosiri langu likagoma.

Waliamua maneno ya wahusika wadogo yaandikwe na akili mnemba, na Kulwa abaki kuyasahihisha. Nisiionee mashine: sarufi yake ilikuwa safi, iliandika "jembe jipya" bila kufundishwa na mtu. Tatizo ni kwamba mvuvi wa Kindamba alimwambia mchezaji, "Habari, mpendwa mteja! Je, ungependa kuvuka mto siku hii ya leo?" Kulwa alinitumia hiyo, nikacheka mpaka nikaketi. Alivumilia miezi kadhaa, kisha na yeye wakamwondoa, na gemu likafutwa mtandaoni. Ukilitafuta leo hulipati. Kwa hiyo, nyie mnaoanza: someni mkataba kabla ya kutia sahihi, mjue kazi yenu ni ya nani mkiondoka. Mimi sikusoma vizuri. Kulwa alisoma, na mkataba wake wa kujifunza, kwa uzembe wa aliyeuandaa, haukusema lolote juu ya hadithi zake mwenyewe.

Ndiyo maana aliweza kutengeneza lile gemu dogo mnalolicheza sasa. Walikuwa yeye na Hamisi, baada ya kazi za mchana. Kulwa anafundisha shule ya binafsi huko Kiberege, Hamisi anafunga kamera za ulinzi Dar. Mimi waliniomba nipitie maneno. Hakuna mafuriko ya kulipiza. Kuna shamba la mpunga, mkulima, mfugaji na ng'ombe. Mkulima anasema ile sentensi, mfugaji anajibu, anaondoka. Msimu unageuka, mkulima anavuna vizuri, anaezeka bati. Basi.

Tatizo lilikuwa jibu la mfugaji. Kulwa aliandika la hasira, akaandika la upole, akaandika la kumtakia mkulima mema. Kila moja nilipolisoma kwa sauti lilikwama. Mwisho akasema sauti ya mfugaji atamwomba baba yake, labda mdomoni mwake maneno yatakaa. Tukaenda tena Mlimba, safari hii na kinasa sauti kidogo cha kuazima.

Ilikuwa asubuhi, ng'ombe bado wako zizini. Mzee Masanja alikaa kwenye kiti, Kulwa akamsogezea kinasa karibu na kidevu, akamsomea lile jibu alilodhani ni bora kuliko mengine. Mzee akalirudia mara moja, vizuri kabisa.

"Mimi sikusema hivi," akasema.

"Ulisema nini, baba? Pale sikusikia."

"Hukusikia kwa sababu sikusema kitu. Ningesema nini? Nilipiga mluzi, tukageuka."

Kulwa akaniangalia. Nikazikunja zile karatasi za majibu, nikaziweka chini ya kiti.

"Basi piga mluzi, baba."

Mzee akalowesha midomo, akavuta pumzi, akapiga, mrefu, unaopanda mwishoni. Nyuma yetu ng'ombe wakainua vichwa. Wa mbele akageuka, akaanza kwenda, na wengine wakamfuata wanakanyagana kuelekea mlangoni, ndama wakiwa katikati, mpaka binti wa mzee akaacha sufuria na kukimbia kushika miti ya zizi huku anapiga kelele kwamba hawajakamuliwa.

Kulwa hakuzima kinasa. Zile kwato mnazozisikia kwenye gemu nyuma ya mluzi hatukuzitengeneza.